Masharti ya mikopo yanavyofika hadi dirisha la hospitali

MNAMO Desemba 1989, wagonjwa waliofika katika hospitali na vituo vya afya vya serikali nchini Kenya walianza kutozwa ada ambayo hawakuwa wameizoea. Tangu 1965, serikali ya uhuru ilipofuta ada kwa wagonjwa wasiolazwa, huduma hiyo ilikuwa bure. Mpango huo mpya uliitwa kugawana gharama. Uliotangazwa Nairobi ni mpango. Mizizi ya wazo lenyewe ilikuwa Washington, Marekani.

Washington ndiko yaliko makao makuu ya Benki ya Dunia na Shirika la Fedha Duniani, IMF, asasi mbili zilizoasisiwa katika mkutano wa Bretton Woods mnamo Julai 1944. IMF hukopesha nchi zilizopungukiwa na pesa za kigeni, nayo Benki ya Dunia hufadhili miradi na mageuzi ya maendeleo. Kura humo hutegemea zaidi kima cha mchango wa kila nchi. Katika IMF, Marekani ina takriban asilimia 16.5 ya kura, ilhali maamuzi makubwa zaidi huhitaji asilimia 85. Kwa hivyo, nchi hiyo peke yake inaweza kuyazuia. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.

Mkopo wa asasi hizi kwa kawaida hautolewi kwa mkupuo mmoja. Hugawanywa kwa awamu, na kabla ya kila awamu wataalamu hukagua iwapo serikali imetimiza ahadi zake: kupunguza nakisi ya bajeti, kuongeza mapato ya kodi au kudhibiti mishahara ya watumishi wa umma. Barua ya ahadi kwa IMF hutiwa saini na waziri wa fedha pamoja na gavana wa benki kuu. Waziri wa afya hayumo. Hata hivyo, sehemu kubwa ya gharama za afya ni mishahara, na kikomo kinachowekewa mishahara hugeuka kikomo cha idadi ya wauguzi wodini.

Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kusini mwa Sahara kupokea mkopo wa kurekebisha muundo wa uchumi kutoka kwa Benki ya Dunia, mwaka wa 1980, baada ya bei ya mafuta kupanda na ile ya kahawa kushuka. Mnamo 1987, benki hiyo ilichapisha waraka uliozihimiza nchi zinazoendelea kuwatoza wagonjwa ada. Hoja ilikuwa kwamba mapato hayo yangenunua dawa, na maskini wangesamehewa.

Matokeo yalikuwa tofauti. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1992 katika jarida la kitabibu la Lancet ulichunguza kliniki ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi. Ada ilipoanza, idadi ya wagonjwa ilishuka sana, ya wanaume zaidi kuliko ya wanawake. Ilipositishwa mwaka wa 1990, idadi hiyo ilipanda tena. Huo ulikuwa wakati virusi vya Ukimwi vikienea kwa kasi, na ugonjwa wa zinaa usiotibiwa hurahisisha maambukizi ya virusi hivyo. Licha ya hayo, ada zilirejeshwa kwa awamu kuanzia 1992.

Mishahara nayo ilileta kinaya chake. Katika miaka ya mwanzo ya 2000, maelfu ya wauguzi waliohitimu walikaa nyumbani bila kazi huku hospitali zikilia uhaba wa wahudumu. Baada ya shutuma nyingi kuhusu nchi kadhaa za Afrika, IMF iliamua mwaka wa 2007 kupunguza matumizi ya masharti yanayoweka kikomo cha mishahara.

Msimamo kuhusu ada pia ulibadilika. Mnamo Julai 2004, Kenya ilishusha ada hadi Sh10 katika zahanati na Sh20 katika vituo vya afya, watoto wa chini ya miaka mitano wakisamehewa. Juni 2013, ada hizo ziliondolewa kabisa. Mwezi mmoja awali, aliyekuwa rais wa Benki ya Dunia, Jim Yong Kim, alikuwa ameuambia mkutano wa afya duniani jijini Geneva kwamba kuwatoza watu ada kwa huduma muhimu za afya si haki na wala hakuhitajiki.

Hata hivyo, si haki kuwatwika wakopeshaji lawama yote. Benki ya Dunia hiyo hiyo ilifadhili vita dhidi ya Ukimwi nchini kuanzia 2000. Serikali nazo hukopa kwa sababu mapato hayatoshi, au yameporwa; mnamo 1997, IMF ilisitisha mkopo wake kwa Kenya kwa sababu ya ufisadi. Aidha, ni viongozi wa Afrika wenyewe walioahidi mjini Abuja mwaka wa 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Kenya haijatimiza ahadi hiyo.

Suala lenyewe halijapita. Aprili 2021, IMF iliidhinishia Kenya mkopo wa Dola 2.34 bilioni ulioambatana na masharti ya kupunguza nakisi. Mwaka wa 2024, madaktari waligoma kwa siku 56, huku serikali ikisema haiwezi kumudu kuwalipa madaktari wanagenzi zaidi ya Sh70,000 kwa mwezi badala ya Sh206,000 za makubaliano ya 2017. Juni mwaka huo huo, maandamano dhidi ya kodi mpya yalimlazimu Rais William Ruto kuukataa Mswada wa Fedha. Machi 2025, pande hizo mbili zilikubaliana kutoendelea na tathmini ya mwisho ya mkopo huo.

Barua za ahadi kwa IMF siku hizi huchapishwa, na yeyote anaweza kuzisoma. Bunge likizijadili kabla ya kutiwa saini, pamoja na athari zake kwa ajira ya wauguzi na bei ya dawa, mwananchi atajua mapema kinachoahidiwa kwa jina lake. Kukopa arusi, kulipa matanga. Na mara nyingi mlipaji ni mgonjwa ambaye hakuulizwa.