Si kila kinachokimbia kina miguu

Je, msomaji, ukiambiwa kwamba tumbo la jirani yako linakimbia, utauliza limetoka wapi na linaelekea wapi? Bila shaka utacheka kwanza. Lakini keti kwenye foleni ya zahanati yoyote kati ya Isebania na Mbita, na hutakosa kumsikia mzazi akisema kwamba mwanawe ana "running stomach". Hapo hakuna anayecheka. Muuguzi atauliza mara ngapi, tangu lini, na kama kuna damu.

Neno lenyewe ni "run", ambalo kila mtoto wa shule hufundishwa kwamba maana yake ni kukimbia. Ni kweli, ila hilo ni tone moja tu katika ziwa zima. Mwaka 2011 mwandishi Simon Winchester aliwaeleza wasomaji wa gazeti la New York Times kwamba wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford walikuwa wamehesabu maana 645 za kitenzi hicho peke yake. Msomi mmoja wa kamusi hiyo, Peter Gilliver, alitumia miezi tisa kuzipanga. Katika toleo la 1928 bingwa alikuwa "set". Baadaye "run" likampita mbio, na sababu moja ni mitambo. Tangu injini na umeme viingie maishani mwa watu, kila chombo kipya kilichobuniwa kilisemwa kuwa "kinakimbia".

Sasa mfikirie mwanafunzi wa Migori au Homa Bay. Nyumbani anasema Kijaluo, Kikuria au Kisuba. Sokoni anasema Kiswahili. Darasani Kiingereza kinamngoja, na ndicho kitakachouliza maswali ya hesabu, sayansi na historia siku ya mtihani. Akikariri kwamba "run" ni kukimbia na kukomea hapo, atapotea njiani mara nyingi. Hebu basi tuzunguke pamoja katika kaunti hizi mbili tukione kineno hiki kikifanya kazi.

Barabara, mto na mtambo

Anzia Isebania, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Barabara kuu inatoka hapo, inapitia mjini Migori, Awendo na Rongo kuelekea Kisii, na pale Rongo unaweza kukata kwenda Homa Bay. Mwingereza atasema barabara hiyo "runs", ilhali haijapiga hata hatua moja tangu ijengwe! Sisi husema inapita, au inatoka hapa mpaka pale.

Teremka hadi Mto Kuja. Mto huu hutoka katika milima ya Kisii, hupokea maji ya Mto Migori, kisha humwaga yote katika Ziwa Viktoria huko Nyatike. Kwa Kiingereza mto nao hukimbia. Kwa Kiswahili hutiririka, na kwa Kijaluo maji "mol". Mvua ikizidi na mto ukavunja kingo zake, wanaokimbia kwa miguu ni wakazi wa Nyatike.

Huko Awendo kuna kiwanda cha sukari. Mashine zake zikizunguka, Kiingereza husema "zinakimbia", nasi twasema zinafanya kazi. Zikisimama, miwa hukauka shambani na mkulima hukosa karo ya watoto. Mwenye duka pale Rongo naye "anakimbiza" biashara kwa Kiingereza, lakini kwa Kiswahili anaiendesha. Hata programu ya kompyuta hukimbia kwa Kiingereza, japo imetulia mezani kimya kabisa.

Ewe mwanafunzi, umeona siri ilipo? Kabla ya kutafsiri, usiulize "run" maana yake nini. Uliza ni kitu gani "kinachokimbia". Kama ni mtu au mbwa, anakimbia. Kama ni maji, yanatiririka. Kama ni barabara, inapita. Kama ni mashine, inafanya kazi. Kama ni pua ya mtoto asubuhi ya baridi, inatoka kamasi, na dawa yake ni kitambaa.

Wengine hukimbia, wengine husimama

Katika siasa neno hili lina vituko zaidi. Mmarekani anayetaka kiti "anakimbia". Mwingereza anayetaka kiti kama hicho "anasimama". Sisi Wakenya tumechukua yote mawili. Katika Kiingereza chetu watu hukimbia, na katika Kiswahili cha mtaani utasikia fulani anasimama ubunge. Lakini Kiswahili sanifu kinasema bila kificho kwamba anagombea, neno lililozaliwa na kugomba, yaani kuteta. Mwenye kufuatilia kampeni zetu atakubali kwamba waliobuni neno hilo hawakukosea.

Mwaka 2022 Gladys Wanga aligombea ugavana wa Homa Bay na kushinda, akawa mwanamke wa kwanza kuiongoza kaunti hiyo. Mwaka huo huo Ochilo Ayacko alitwaa ugavana wa Migori. Kila mmoja alikuwa na "running mate" wake. Mwanafunzi akiandika kwamba huyo ni rafiki wa kukimbia naye, mwalimu atacheka na alama zitapotea. Jina lake ni mgombea mwenza.

Vineno vidogo, hatari kubwa

Kitu cha pili cha kuangalia ni kineno kinachofuata. Kiingereza hubadilisha maana ya kitenzi kwa kukipachika kineno kidogo nyuma yake. Mvuvi wa omena akiwa katikati ya ziwa usiku, mafuta ya injini yakamwishia, hayo ni "run out". Ukikutana na rafiki bila kutarajia stendi ya Homa Bay, hiyo ni "run into". Lakini gari likigonga ukuta, hiyo pia ni "run into"! Na likimkanyaga mtu, hiyo ni "run over".

Hebu fikiria dereva anayeandika taarifa kwa Kiingereza, naye anataka kusema tu kwamba alikutana na mjomba wako Rongo. Asipoongeza neno la kufafanua, msomaji anaweza kudhani mjomba yuko hospitali. Wakati mwingine mzaha kama huo hugeuka kesi.

Msicheke Kiingereza peke yake, maana lugha zetu nazo zina mitego. Kwa Kijaluo, kukimbia ni "ringo", na nyama ni "ring'o". Tofauti ni ile sauti moja tu ya ng'ombe. Mgeni akiitamka vibaya hotelini, huenda akaagiza sahani ya mbio.

Kiswahili hubeba maana mkiani

Wako wanaosema kwamba Kiswahili hakina utajiri wa kutosha kulingana na neno lenye maana 645. Si kweli. Kile ambacho Kiingereza hufanya kwa vineno vya nyuma, Kiswahili hukifanya kwa mkia wa kitenzi, ule ambao walimu huuita mnyambuliko. Tazama: kukimbia, kukimbiza, kukimbilia, kukimbizwa, kukimbizana. Humo humo tunapata mkimbizi na kimbilio. Mzizi ni mmoja, na jamaa wake wengi.

Tofauti hizo si za darasani tu. Mchukue yule mtoto mwenye tumbo la kuendesha. Kaunti za Migori na Homa Bay zilikuwa miongoni mwa zilizokumbwa na kipindupindu mwaka 2015, na maradhi hayo huweza kumwua mtu kwa saa chache kwa kumkausha maji mwilini. Mtoto kama huyo hakimbii, kwani hana nguvu. Anakimbizwa. Njiani apewe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Herufi moja ya katikati, ile "z", inamtoa mtoto peke yake na kumweka mikononi mwa mtu mzima.

Sasa panda hadi Kuria, upande wa Kaunti ya Migori unaopakana na Tanzania. Sheria ya mwaka 2011 inapiga marufuku ukeketaji nchini Kenya, na pia inakataza kumvusha msichana mpaka ili akafanyiwe huko. Hata hivyo, likizo ya Desemba inapofika katika miaka ya tohara, wasichana wengine huacha nyumba zao usiku. Kiingereza kitasema "run away", nasi twaweza kusema amekimbia. Neno hilo linatuambia alikotoka tu. Majirani wakikomea hapo, humwona kuwa mtoro aliyemwaibisha babake.

Lakini sema amekimbilia kanisani, au amekimbilia shuleni, au kwa mwalimu wake. Mara hadithi nzima inageuka. Sasa kuna mlango unaopaswa kufunguliwa, na kuna mtu mzima anayepaswa kuamka na kuufungua. Msichana aliyekimbia ni tatizo la kwao, na aliyekimbilia ni amana mikononi mwako. Mlango ukifunguliwa, pamekuwa kimbilio. Ukifungwa, amebaki mkimbizi katika kaunti yake mwenyewe. Mkia wa neno umebeba wajibu wa watu wengi.

Wazazi, jaribuni hivi

Jumapili ya leo, baada ya chakula, wape watoto kalamu na karatasi. Waambie waandike sentensi kumi za Kiingereza zenye "run", kila moja na kitu tofauti kinachokimbia. Kisha wazitafsiri kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani bila kurudia kitenzi. Nyanya akiwepo, mwulizeni angesemaje. Yumkini atawapa neno ambalo halimo katika kamusi yoyote mliyo nayo.

Nanyi wanafunzi, msikariri tafsiri moja na kuikumbatia. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni, na hivyo ndivyo zinavyoishia mbio za anayetafsiri kabla ya kusoma sentensi mpaka mwisho. Tazama nani au nini kinachokwenda, tazama kineno kinachofuata, kisha utafute neno la Kiswahili linalofaa. Mara nyingi utakuta kwamba Kiswahili kimeuliza jambo ambalo Kiingereza kimeliacha: amemkimbia nani, na amemkimbilia nani?