Si Kila Kijidudu ni Adui wa Maharagwe

Msimu wa masika uliopita nilimzuru shangazi yangu huko Vihiga. Nilimkuta katikati ya shamba lake la maharagwe, ameshika kiuno, kimya. Majani yalikuwa na mabaka ya kijani na manjano, yamejikunja, na mimea mingi ilikuwa imedumaa. Alikuwa amekwisha kunyunyiza dawa mara mbili pasipo nafuu yoyote.

“Mwanangu,” akasema, “wewe unaitwa daktari. Je, dawa hii ni bandia au ni mimi niliyekosea?”

Udaktari wangu ni wa isimu, wala si wa mimea. Hata hivyo alinipa karatasi ya maelezo aliyopewa dukani, iliyoandikwa kwa Kiingereza kitupu, nimfasirie. Ilieleza jinsi ya kupaka mbegu bakteria kabla ya kupanda. Nilipolitaja neno hilo, shangazi alicheka kwa uchungu: “Bakteria? Si ndio wale wa homa ya matumbo? Sasa niwapande?”

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za maharagwe, na nimeng'amua kwamba sehemu ya tatizo la shangazi imo katika taaluma yangu mwenyewe.

Kwanza, ugonjwa. Dalili zile ni za batobato la maharagwe, maradhi yaletwayo na virusi. Virusi hivi hujificha ndani ya mbegu, hivi kwamba mkulima anayehifadhi mbegu za shamba lililougua huenda akapanda maradhi kwa mkono wake mwenyewe. Kisha vidukari huvieneza kutoka mmea hadi mmea. Kidukari huhitaji kufyonza kwa muda mfupi tu ili aambukize, kwa hiyo dawa ya wadudu mara nyingi humuua akiwa amekwisha kutenda uovu wake. Na mmea ukishaambukizwa, hakuna dawa ya kunyunyiza iwezayo kuuponya. Dawa ya shangazi, basi, yawezekana ilikuwa halali kabisa. Iliitwa tu kwenye vita visivyo vyake.

Pili, bakteria. Miongoni mwa wale waishio udongoni, wakiwamo wa jamii za Pseudomonas na Bacillus, wapo wanaojishikiza kwenye mizizi na kuuamsha mmea ujiweke tayari. Adui akija, mmea hujitetea upesi zaidi, hata kwenye majani ambayo bakteria hao hawajayafikia. Wataalamu walianza kuuthibitisha utaratibu huu mwaka wa 1991. Mwaka wa 2006, watafiti wa Misri walichapisha matokeo ya majaribio juu ya maharagwe makubwa ambayo Wamisri huyapikia ful. Mbegu zilizopakwa bakteria zilitoa mimea iliyougua kidogo, na kiwango cha virusi ndani yake kilipungua.

Kilipungua, hakikutoweka. Hapa ndipo neno moja linapoweza kumponza mkulima. Muuzaji akimwambia kwamba bakteria hawa ni “dawa”, mkulima atangoja mpaka maharagwe yaugue ndipo ainunue, kwa maana dawa hutafutwa na mgonjwa. Tena anaweza kuichanganya na kemikali za kuhifadhia mbegu, nyingine zikawaua bakteria aliowalipia. Lakini tukiiita “kinga”, neno lenyewe linamfundisha: kinga hutangulia. Hujengwa mbegu ikiwa bado mkononi.

Vivyo hivyo, mazoea yetu ya kuwaita viumbe wote wasioonekana “vijidudu vya maradhi” yamewatia rafiki na hasimu katika kapu moja. Neno virusi asili yake ni Kilatini, na maana yake ni sumu. Kiswahili kimelipokea katika ngeli ya KI-VI hata tukapata umoja, kirusi. Bakteria nao jina lao latokana na Kigiriki, nalo lamaanisha kijiti tu. Halina hatia yoyote. Mholanzi Martinus Beijerinck, ambaye mwaka wa 1888 aliwatenga bakteria wanaoyapatia maharagwe na jamii yake naitrojeni, ndiye aliyelitumia neno virusi mwaka wa 1898 alipochunguza batobato la tumbaku. Mtu mmoja aliwajua wote wawili, na hakuwachanganya. Mbona sisi tuwachanganye?

Katiba ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Urasmi huo una faida gani ikiwa maelezo yanayoamua mavuno ya mjane yameandikwa kwa lugha asiyoisoma? Nawasihi wanaotengeneza na kuuza pembejeo waandike kwa Kiswahili, na wanaisimu wenzangu washuke mashambani kabla ya kubuni istilahi.

Wala bakteria wasifanywe kisingizio cha kuacha yaliyo ya msingi: mbegu safi, aina zinazostahimili maradhi, na kung'oa mapema mmea ulioambukizwa. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Shangazi aling'oa mimea iliyougua na hakuhifadhi hata punje moja kwa mbegu. Ilimuuma. Kabla sijaondoka aliniagiza nimwandikie karatasi ile upya. “Kwa maneno ya watu,” alisema. Nimekwisha kumwandikia, na neno la kwanza ni kinga.