Baiskeli na magari: Kiini cha uhasama katika barabara za jiji

KABLA jua halijachomoza, baiskeli huanza kumiminika kuelekea Eneo la Viwandani jijini Nairobi. Hutoka Kayole, Umoja, Dandora na mitaa ya Mukuru, nyingi zikiwa zile nyeusi nzito ambazo Wakenya walizibandika jina la Black Mamba. Wanaozipanda ni vibarua wa viwandani, walinzi wanaorejea kutoka zamu ya usiku, mafundi wa jua kali na wachuuzi waliofunga kreti za mkate nyuma ya kiti. Muda si muda, matatu, malori na magari ya kibinafsi nayo huingia barabarani, na hapo ndipo mvutano wa kila siku unapoanza.

Dereva hupiga honi akidai kwamba amezibiwa njia. Mwendesha baiskeli naye huligonga gari ubavuni kwa kiganja, akilalamika kwamba amesukumwa mtaroni. Matusi hurushwa, taa za trafiki zikawaka kijani, na kila mmoja akaenda zake akiamini kwamba mwenzake hana haki ya kuwa pale.

Wengi huuona ugomvi huu kuwa suala la tabia. Madereva huwataja waendeshaji baiskeli kuwa wakaidi, nao hurejeshewa lawama kwamba wana kiburi. Tabia ina sehemu yake, lakini atakayeipima barabara yenyewe atagundua kwamba pande hizi mbili zimewekwa mahali ambapo haziwezi kupatana.

Barabara kuu za jiji aghalabu huwa na safu zenye upana wa takriban mita 3.5 kila moja. Lori kubwa lina upana wa kama mita 2.5. Kwa hivyo, likiwa ndani ya safu yake, nafasi inayobaki ni mita moja, nayo imegawika pande zote mbili. Usukani wa baiskeli pekee una upana wa sentimita 60 hivi, na hakuna binadamu aendeshaye baiskeli kwa mstari ulionyooka kama uzi, hasa akiwa amebeba mzigo au akipanda mlima. Dereva wa lori anayetaka kumpita mwendesha baiskeli bila kuhamia safu ya pili hana nafasi ya kufanya hivyo salama. Akihama, atakutana na matatu inayokuja kwa kasi. Akikaa nyuma, atapigiwa honi na msururu mzima. Wengi huchagua njia ya tatu, yaani kujipenyeza na kutumaini kwamba wa pembeni atajikunja.

Nchini Ufaransa, sheria inamtaka dereva anayempita mwendesha baiskeli aache nafasi ya mita moja mijini, na mita moja na nusu nje ya miji. Hesabu ya safu ya mita 3.5 inaonyesha kwamba sharti kama hilo humlazimu dereva wa lori kuhama safu au kusubiri. Njia ya tatu haipo.

Swali ambalo madereva huuliza mara kwa mara ni kwa nini mwendesha baiskeli hashiki ukingo kabisa wa lami. Jibu linaonekana tu kwa aliyewahi kupita hapo kwa magurudumu mawili. Ukingo ndiko lami inakomegeka kwanza, ndiko maji ya mvua yanakotuama na mchanga kulundikana, na ndiko kuliko na mitaro ambayo vifuniko vyake vya chuma viling'olewa zamani na kuuzwa kama vyuma vikuukuu. Mahali pengine lami imeinuka kutoka ardhini kwa kimo cha shubiri nzima, hivi kwamba anayeteleza nje hawezi kurudi bila kuanguka. Shimo ambalo gari hulipita kwa mtikisiko mdogo tu linaweza kumrusha mwendesha baiskeli juu ya usukani. Ndiyo maana huonekana akikata ghafla kuelekea katikati. Dereva aliye nyuma haoni shimo. Anachoona ni ukaidi.

Hatari nyingine iko kwenye vituo vya matatu. Kwa kuwa Wakenya huendesha upande wa kushoto, mwendesha baiskeli hupita papo hapo ambapo matatu huingia kuchukua abiria. Humpita, kisha hukata mbele yake na kusimama, utingo akaruka nje kabla ya magurudumu kutulia. Mwendesha baiskeli akiizunguka kwa upande wa kulia, hujikuta katikati ya magari yaendayo kasi. Akijaribu kushoto, atagongana na abiria wanaoshuka. Dakika moja baadaye matatu hiyo humpita tena, na mchezo huo huanza upya katika kituo kinachofuata. Katika Barabara ya Jogoo, yenye vituo vilivyokaribiana, wawili hao huweza kupikuana hivyo mara kadhaa kabla ya kufika katikati mwa jiji.

Malori yanayokunja kona kushoto ni tishio la kimyakimya zaidi. Dereva aliyeketi juu hawezi kuona kila kitu kilicho ubavuni mwa lori lake, na magurudumu ya nyuma hayafuati nyayo za yale ya mbele bali hukata kona kwa ndani. Mwendesha baiskeli aliyesimama kando ya lori kwenye makutano, akidhani kwamba ameonekana, huweza kubanwa bila hata dereva kujua.

Hata hivyo, malalamiko ya madereva hayakosi msingi. Baiskeli nyingi hazina taa, na wanaozipanda jioni huvaa nguo nyeusi katika barabara ambazo nguzo zake za taa hazifanyi kazi. Dereva anayepofushwa na taa za gari linalomkabili humwona mtu huyo akiwa amemfikia. Kuna wanaopuuza taa nyekundu, na wanaobeba mabati au vyuma vilivyotokeza pande zote mbili. Kuna pia wanaoendesha kinyume na mkondo wa magari, kosa ambalo huwaudhi madereva kuliko mengine yote.

Kosa hilo la mwisho lina maelezo yake. Barabara nyingi zilizopanuliwa zimegawanywa katikati kwa kuta au vyuma, na mahali pa kugeukia pako mbali. Kwa mwenye gari, kilomita mbili za ziada ni dakika chache na mafuta kidogo. Kwa mwenye baiskeli iliyobeba gunia la viazi, hizo ni jasho la robo saa. Akiambiwa abebe baiskeli hiyo begani apande ngazi za daraja la wapitanjia, ataona heri apite upande asiostahili.

Kinachogeuza makosa haya yote kuwa vifo ni kasi. Gari likiongeza kasi maradufu, nguvu ya kishindo chake huongezeka mara nne. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), kila nyongeza ya asilimia moja katika kasi ya wastani huongeza hatari ya ajali ya kuua kwa asilimia 4, na mtembea kwa miguu anayegongwa na gari lililo kwenye kasi ya kilomita 65 kwa saa ana hatari ya kufa mara 4.5 kuliko anayegongwa kwa kasi ya 50. Mwili wa mwendesha baiskeli haujakingwa kuliko huo. Sheria ya Kenya inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa mijini, lakini barabara pana iliyonyooka humwalika dereva kuisahau, hasa usiku. Mwaka 2024, takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA) zilionyesha kwamba watu 4,748 walifariki barabarani nchini, na watembea kwa miguu ndio walioongoza.

Baiskeli zenyewe bado ni chache jijini. Uchunguzi wa uchukuzi uliofanywa Nairobi katikati ya miaka ya 2000 kwa msaada wa shirika la Japani la JICA ulionyesha kwamba karibu nusu ya safari jijini zilifanywa kwa miguu, ilhali zile za baiskeli zilikuwa kama moja tu katika kila mia. Hili ni jambo la kushangaza ukizingatia umbali. Mwendo wa kilomita 10 kutoka mitaa ya Eastlands humchukua mtembeaji saa mbili. Kwa baiskeli isiyo ya haraka, ni dakika 40. Nauli ya matatu hupanda mvua inaponyesha, na kwa kibarua anayelipwa kwa siku, kuiepuka asubuhi na jioni ni unga wa familia. Ikiwa watu wenye haja kubwa hivyo ya baiskeli wanaamua kutembea, basi kinachowazuia si bei pekee. Wanaogopa.

Isitoshe, kuna dharau. Katika fikira za wengi, baiskeli ni chombo cha aliyeshindwa kununua gari, na anayeipanda hutarajiwa kuwapisha wakubwa. Ajabu ni kwamba Chris Froome, aliyeshinda mashindano ya Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017, alizaliwa Nairobi na kufunzwa na Mkenya David Kinjah katika vilima vya Kikuyu. Siku hizi wapo pia wenye baiskeli za bei ghali wanaojivinjari msituni Karura wikendi, na makundi yanayozunguka jiji pamoja mara moja kwa mwezi kudai nafasi yao. Anayepakia baiskeli nyuma ya gari kwenda Karura, lakini, hapigiwi honi kama muuza mkate wa Barabara ya Jogoo.

Hata neno boda boda lilizaliwa na baiskeli. Lilianzia Busia, ambako vijana waliwabeba abiria kwa baiskeli kuvuka mpaka wa Kenya na Uganda, likasambaa hadi Kisumu na miji mingine ya magharibi. Serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, injini ikachukua mahali pa pedali kwa kasi isiyotarajiwa. Leo hii anayeng'ang'ania njia ya baiskeli na mwendesha baiskeli ni mrithi wa jina lake mwenyewe, na ndiye mwenye honi.

Si kwamba njia hizo hazijajengwa. Barabara ya Thika iliyopanuliwa, ambayo ilizinduliwa rasmi mwaka 2012, iliwekewa sehemu za wapitanjia na baiskeli. Mwaka 2015, Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini, ikiahidi kutenga angalau asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa ajili hiyo. Barabara ya Ngong na ile ya Outer Ring zilipopanuliwa, nazo zilipata njia za kando. Kati ya 2020 na 2021, Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi (NMS) ilichora njia za baiskeli katikati mwa jiji, zikiwemo barabara za Kenyatta, Wabera na Muindi Mbingu.

Tatizo ni kwamba njia hizi hazishikani. Mwendesha baiskeli hupewa kilomita moja ya raha, kisha njia ikaishia kwenye ukuta, kituo cha mafuta au mzunguko wa barabara, yaani pale hasa anapohitaji kinga zaidi. Zile zinazoendelea hugeuzwa maegesho, vibanda vya wachuuzi na vijia vya mkato vya pikipiki. Kuendesha gari juu ya njia ya wapitanjia ni kosa la wazi tangu Sheria ya Trafiki ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2012, ila msongamano unapozidi, hata magari ya kifahari huonekana juu yake. Na ilipofunguliwa barabara ya juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands mwaka 2022, baiskeli na pikipiki zilipigwa marufuku kuitumia. Zao ni zile za chini.

Wapo wasemao kwamba njia za baiskeli ni anasa ya Uholanzi, nchi iliyozaliwa nayo. Historia inawakanusha. Katika miaka ya 1950 na 1960, Uholanzi iliyapisha magari kama nchi nyingine tajiri, na kufikia mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa barabarani kwa mwaka mmoja, wakiwemo watoto zaidi ya 400. Wazazi waliandamana kupinga mauaji ya watoto, bei ya mafuta ikapanda ghafla mwaka 1973, na ndipo serikali ilipoanza kutenga njia.

Kwa sasa, mwendesha baiskeli wa Nairobi aliyegongwa ana kinga moja ambayo wengi hawaifahamu. Sheria inalazimisha kila gari liwe na bima ya kufidia watu wengine wanaoumizwa nalo, na aliye kwenye baiskeli ni mmoja wao. Fidia hiyo ina kikomo cha Sh3 milioni kwa mtu mmoja, na kesi yapaswa kufikishwa mahakamani kabla ya miaka mitatu kwisha. Anachohitaji mwathiriwa kwanza ni ripoti ya polisi, ile iitwayo abstrakti, yenye nambari ya usajili ya gari lililomgonga. Dereva akitoroka kabla nambari hiyo haijaandikwa, na hasa ikiwa ni saa moja usiku chini ya taa zisizowaka, hakuna kampuni ya bima ya kudaiwa. Gharama ya hospitali hubaki kwa familia, na baiskeli iliyopindika huuzwa kwa kilo kama vyuma vikuukuu.