Sinema yenye mkahawa: tule kabla, katikati au baada?

Mshika mbili, wahenga walinena, moja humponyoka. Sikupata kuuona ukweli wa methali hii waziwazi hadi jioni moja nilipoketi gizani katika sinema ndogo ya mji mmoja wa chuo kikuu nchini Marekani, sahani ya kuku magotini, macho yakihangaika baina ya uma na kiwambo. Nilikuwa nimekwenda huko kwa kongamano la wanaisimu. Mwenyeji wangu, profesa wa makamo apendaye filamu kuliko anavyoipenda fonolojia yake, alinieleza kwa fahari kwamba mji wao bado una sinema isiyomilikiwa na kampuni kubwa, inayoonyesha filamu za sanaa kutoka kila pembe ya dunia, na kwamba ndani yake mtu hula mlo kamili, si bisi na soda tu.

Filamu ya jioni hiyo ilikuwa Mandabi, kazi ya Ousmane Sembène wa Senegal iliyotoka mwaka 1968. Mzee Ibrahima Dieng, asiye na kazi, mwenye wake wawili na watoto chungu nzima, anapokea hawala ya posta kutoka kwa mpwa wake anayefagia barabara za Paris. Sehemu kubwa ya pesa si zake, ametakiwa kumwekea kijana. Lakini habari zimekwisha kuenea mtaani, na posta inadai kitambulisho ambacho mzee hana. Ili apate kitambulisho anahitaji cheti cha kuzaliwa. Ili apate cheti anahitaji kujua tarehe ya kuzaliwa. Na huku anazungushwa ofisi hadi ofisi, majirani wanabisha hodi kuomba chochote.

Sasa tazama hali yangu, mpenzi msomaji. Sijui Kiwolofu. Kila neno la mzee Dieng lilinifikia kwa tafsiri ya Kiingereza iliyoandikwa chini ya picha, na kila nilipoinamia sahani sentensi nzima ilinipita. Mhudumu alipita ameinama kama mtu anayevuka chini ya uzio, akaninong’oneza sikioni kama ningependa kuongezewa kinywaji. Kibaya zaidi, wahitaji wa mtaa ule walipofika mlangoni kwa Dieng kukopa mchele, mimi nilikuwa nikitafuna. Niliweka uma chini. Kuku yule sikummaliza, na sijui kama mwenyeji wangu alitambua sababu.

Filamu ilipokwisha nilidhani tutakwenda zetu. La hasha! Upande wa mbele wa jengo lile palikuwa na mkahawa, meza kumi hivi, taa za kutosha, na watu karibu wote waliotoka ukumbini walielekea huko kana kwamba ndiyo sehemu ya pili ya tikiti. Tuliagiza chai. Mwenyeji wangu akauliza swali ambalo lilionekana kumkera tangu filamu ilipofika katikati: yawezekanaje mtu mzima aishi miaka yote hiyo asiwe na karatasi yoyote ya kuonyesha yeye ni nani?

Ndipo nilipomweleza habari za kipande. Katika Kenya ya ukoloni, sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimu mwanamume Mwafrika kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake na rekodi ya kazi alizofanya na waajiri aliowatumikia. Aliivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Neno ambalo katika lugha ya kawaida lina maana ya sehemu ya kitu likawa jina la karatasi ile, na hata leo, miaka zaidi ya sitini baada ya uhuru, Mkenya hukiita kitambulisho chake kipande bila kufikiria kikasha cha babu yake. Nilipokuwa nikisema hayo, bibi na bwana wa meza ya jirani waligeuza viti. Bwana yule alikuwa na lake la kusema juu ya makaratasi ya wazazi wake waliohamia nchi ile. Tulikaa mpaka mhudumu alipoanza kupandisha viti juu ya meza.

Nimeisimulia jioni hii kwa urefu kwa sababu imenifundisha kutofautisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya wanapozungumzia sinema zenye mkahawa. Kuna kula ndani ya filamu, na kuna kula karibu na filamu.

Wa mtindo wa kwanza ni kama Nitehawk, iliyofunguliwa mtaa wa Williamsburg, Brooklyn, mwaka 2011. Kila kiti kina meza ndogo. Mtazamaji huandika agizo lake kwenye karatasi na mhudumu hulichukua kimyakimya. Sheria ya jimbo la New York ilikuwa ikizuia pombe katika kumbi za sinema, masalio ya fikira za zamani kuhusu ulevi, nayo ikarekebishwa mwaka huohuo kwa kumbi zinazoandaa milo mezani. Wa mtindo wa pili ni kama Metrograph, iliyofunguliwa mwaka 2016 katika mtaa wa Ludlow, Manhattan, na Alexander Olch, mtengeneza filamu ambaye pia hubuni tai. Huko mkahawa uliwekwa ghorofa ya juu, na jina lake, Commissary, lilitokana na mabwalo ya studio za Hollywood ambamo mwigizaji aliyevaa kanzu ya kifalme alipanga foleni moja na fundi wa taa. Wala wazo hili si geni. Mjini Newcastle, Uingereza, ilifunguliwa mwaka 1937 sinema ya kuonyesha filamu za habari, ambayo leo huitwa Tyneside, na ghorofani kukawa na vyumba vya kahawa. Mtu aliona habari za ulimwengu kwa picha, kisha akapanda ngazi kwenda kubishana juu yake.

Sitaki kuwaonea wenye kuleta sahani gizani. Biashara ya sinema ndogo ni ngumu. Msambazaji wa filamu huchukua sehemu kubwa ya fedha za tikiti, mara nyingi nusu au zaidi, ilhali faida ya chakula hubaki kwa mwenye jengo. Pengine bila kuku yule nisingeiona Mandabi. Hata hivyo, ikiwa lazima nichague, nitachagua ngazi za kupanda baada ya filamu, na uchaguzi wangu ni wa mwanaisimu zaidi kuliko wa mlaji.

Filamu, hasa ile isiyofungwa kila fundo mwishoni, huingia kichwani kama picha na sauti. Hugeuka kuwa maarifa mtu anapotafuta maneno ya kumwambia mwenzake alichokiona, akapingwa, akatafuta maneno mengine. Sembène mwenyewe aliyajua hayo. Alikuwa mwandishi wa riwaya kabla ya kushika kamera, na sababu mojawapo ya kuhama ilikuwa kwamba watu wake wengi hawakuweza kusoma Kifaransa alichoandikia. Mandabi ilitengenezwa kwa matoleo mawili, la Kiwolofu na la Kifaransa, nayo huhesabiwa miongoni mwa filamu ndefu za mwanzo kabisa kuzungumza lugha ya Kiafrika. Alizunguka na filamu zake vijijini, akizionyesha kisha akiketi na watazamaji wajadiliane.

Je, sisi hatukuwa na meza hiyo? Tulikuwa nayo, tena ya aina nyingi. Nairobi ilikuwa na viwanja vya kutazamia sinema ukiwa garini, Belle Vue upande wa barabara ya Mombasa na Fox katika barabara ya Thika, ambako familia zilikwenda na vikapu vya chakula. Mijini na vijijini kulikuwa, na bado kupo kwingineko, vibanda vya video vyenye mabenchi, na mlangoni muuza chai au karanga. Huko hakuna anayenyamaza. Wanyamaze vipi, na kazi yenyewe ya msimulizi kama DJ Afro ilikuwa kuwapa waigizaji wa Kihindi na wa Kichina maneno ya mitaa yetu? Mabishano ya kutoka huko ndiyo yaliyoipa lugha neno stelingi, au staringi kama wengine walivyolitamka. Kwenye mabango ya filamu kuliandikwa starring kwa Kiingereza, kisha jina la mwigizaji mkuu. Watoto wakalichukua lile neno, wakaligeuza nomino, wakampa shujaa. Punde likawa na kanuni yake: stelingi hafi. Hakuna kamati ya istilahi iliyoketi kulibuni. Lilibuniwa na watu waliotoka kutazama filamu na ambao hawakuwa tayari kwenda kulala kabla ya kubishana.

Kumbi kadhaa za sinema jijini ziligeuzwa makanisa, nyingine maduka. Kilimani kulianzishwa ukumbi mdogo wa filamu huru uitwao Unseen, wenye mahali pa kula juu ya paa, na nawapongeza waliothubutu. Lakini mwalimu wa Lodwar au wa Kwale anayesoma makala haya ataniuliza, na ana haki, paa la Kilimani linamfaa nini. Hata mwanafunzi wangu aishiye kilomita chache kutoka hapo hana nauli, sembuse bei ya sahani. Yeye hutazama filamu kwenye simu, kitandani, spika masikioni. Ameona filamu nyingi kuliko nilizoona mimi nikiwa na umri wake, mara kumi pengine. Mwulize alichokiona.

Mimi niliwauliza. Muhula mmoja niliporejea kutoka safari ile, niliwaonyesha Mandabi wanafunzi wangu wa isimujamii kwa projekta ya idara. Saa moja na nusu hawakusogea. Taa zilipowashwa nikauliza: lugha ya mzee Dieng inabadilika vipi anapoingia ofisini? Kimya. Mmoja alisema filamu ni nzuri. Mwingine alisema inafunza. Nilihisi kama mtu aliyepiga hodi kwenye nyumba yenye watu ndani, wakakataa kuitika.

Kwa hasira kidogo, na kwa njaa, niliwaambia twende langoni. Nje ya lango palikuwa na kibanda cha mama mmoja mpika chai, mabenchi mawili, turubali na jiko la makaa. Chai na mandazi mawili mawili, niliwalipia. Kabla kikombe cha kwanza hakijapoa, kijana mmoja kutoka kaskazini mwa nchi, ambaye muhula mzima sikuwa nimesikia sauti yake, alianza kusema. Alieleza jinsi alivyotafuta kitambulisho kwa miaka mitatu. Aliitwa mbele ya kamati ya kuhakiki watu wa maeneo ya mpakani, utaratibu ambao ulitangazwa kukomeshwa mwaka 2025, akaulizwa majina ya mababu hadi kizazi ambacho hata baba yake hakukijua. Akakosa nafasi ya mkopo wa masomo mwaka wa kwanza kwa kukosa namba. Alisema kwamba Dieng alipoulizwa tarehe ya kuzaliwa, alitaka kutoka ukumbini.

Hapo kikao kikachemka. Msichana wa Nakuru akasema kosa ni la Dieng, mbona hakutoa kitu kidogo mapema? Wenzake wakamshukia. Walitafuta neno la Kiswahili la ule mzunguko wa ofisi hadi ofisi. Mmoja akatoa urasimu, ambalo ndilo nililowafundisha, lakini halikuwatosheleza, kwa kuwa urasimu unaweza kuwa wa heri. Mwishowe mama mwenye kibanda, aliyekuwa akisikiliza huku akikoroga sufuria, akasema hiyo ni njoo-kesho. Wakaipokea papo hapo. Kufikia magharibi ilikuwa na ngeli yake na wingi wake: njoo-kesho za posta, njoo-kesho za chifu. Swali langu la ukumbini, lile la lugha ya Dieng ofisini, walilijibu wenyewe bila mimi kulirudia, na kwa ufasaha ambao sijauona katika karatasi zao za mtihani.

Tangu siku hiyo niliweka filamu moja kila mwezi, na kibanda baada yake. Tulitazama Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, na Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga, ya mwaka 2012. Sikuruhusu mandazi ndani. Waliosoma hadi hapa wanajua sababu.

Kisha kibanda kikabomolewa. Barabara inapanuliwa, na siwezi kudai kwamba barabara haihitajiki. Filamu ya mwezi uliofuata tuliitazama vizuri tu. Ilipokwisha, nyuso zote ishirini na tatu zikamulikwa na mwanga wa simu, na ndani ya dakika tano nilibaki peke yangu nikikunja waya za projekta. Yule kijana wa kaskazini alisimama mlangoni kidogo, akatazama upande wa lango, akaenda zake.

Nimemtafuta mama yule. Anauza ng’ambo ya barabara, na chupa mbili za chai na ndoo ya mandazi yenye kifuniko. Nimeomba idara chumba cha semina kilicho mkabala na ukumbi, kile chenye meza ndefu, nacho nimekubaliwa hadi saa mbili usiku kwa sharti la kukifagia. Ijumaa ya mwisho wa mwezi, filamu ni saa kumi jioni. Mama atafika saa kumi na moja na nusu.