Satelaiti ya Kijeshi na Saa Yake

Tarehe 22 Februari 1978 Marekani ilirusha satelaiti ya kwanza ya Navstar, mfumo wa GPS uliokusudiwa kuongoza majeshi. Satelaiti hizo huizunguka dunia mara mbili kwa siku, kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi. Kila moja hubeba saa ya atomu na kutangaza wakati na mahali ilipo; chombo cha chini hupima mawimbi ya satelaiti nne, kikatambua kilipo. Saa ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, umbali hupotoka kwa mita 300. Hadi Mei 2000 jeshi liliwapunguzia raia usahihi kwa makusudi. Kwa kutotaka utegemezi huo, Ulaya ikajijengea mfumo wake wa kiraia, Galileo.