Kugeuza Ramani: Neno Moja, Kazi Mbili

Miongoni mwa matini zinazowafikia wafasiri na watumishi wa serikali siku hizi ni miongozo ya kutumia ramani katika kompyuta. Humo hukutwa neno "kugeuza" likitumika kwa kazi mbili zisizofanana, na madhara ya kuzichanganya hayaishii katika lugha. Tuchukue mfano wa Karagwe na Kyerwa, wilaya ambazo zilikuwa moja hadi mwaka 2012.

Ramani ya topografia ya skeli ya 1:50,000 ikipitishwa katika skana huwa rasta, yaani picha iliyojengwa kwa vijiraba vidogo viitwavyo pikseli, vilivyopangwa kwa safu. Kila pikseli hubeba rangi tu. Haionyeshi kama iko Kayanga au Murongo. Ili ionyeshe, picha haina budi kupewa majira ya nukta, istilahi ambayo walimu wa hisabati wanaifahamu vema.

Kazi ya kwanza ni kubadili umbizo, yaani namna faili inavyohifadhi pikseli hizo. Umbizo la GeoTIFF huhifadhi picha pamoja na majira yake. Umbizo la kawaida la JPEG huhifadhi picha peke yake, tena huibana kwa kupoteza sehemu ya yaliyomo, hata mistari myembamba ya kontua ikaweza kufifia. Hapo majira huandikwa katika faili ndogo ya pembeni yenye mistari 6. Faili hiyo ikiachwa nyuma, ramani hubaki kuwa pambo la ukutani. Hata ikiwapo, haitaji majira hayo ni ya mfumo gani.

Kazi ya pili ni kuhamisha majira kutoka mfumo mmoja hadi mwingine. Ramani tulizozitaja zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali vipokezi vya GPS kwa kawaida hutumia WGS 84. Namba za mfumo wa kwanza zikisomwa kana kwamba ni za mfumo wa pili, mahali husogea kiasi cha mita 300, hasa kuelekea kaskazini. Huko Murongo, ambako Mto Kagera unaitenga Kyerwa na Uganda, shamba lililo ukingoni upande wetu laweza kuonekana liko ng'ambo.

Mwongozo ukisema tu "geuza ramani", mtumishi atabadili umbizo, ataona faili inafunguka, naye ataamini kuwa kazi imekwisha. Kwa hiyo tunapendekeza "kubadili umbizo" kwa kazi ya kwanza na "kuhamisha majira" kwa kazi ya pili. Mfasiri akikuta neno moja katika lugha chanzi, na ajiulize kwanza: kinachobadilika ni faili, au ni namba za mahali? Akishindwa kujua, amwulize mpima ardhi kabla ya kuandika.