Mficha uchi hazai: mume naye apimwe

Apitaye Barabara ya Jogoo, au ateremkaye matatu Umoja, Kayole na Dandora, hakosi kuyaona matangazo ya waganga yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme. Mganga huahidi kumrudisha mpenzi aliyepotea, kuleta kazi na, aghalabu, kurejesha nguvu za kiume kwa siku chache. Ni nadra mno kuona tangazo linalomhimiza mwanamume aende maabara akapimwe mbegu zake za uzazi.

Jambo hili si dogo. Katika mitaa yetu ya Eastlands, ndoa ikipita miaka miwili bila mtoto, kidole huelekezwa kwa mke. Mavyaa huanza kuuliza, mawifi hunong'ona. Mke huzungushwa kliniki hii na ile, huchunguzwa kizazi, hunyweshwa mitishamba, na hatimaye huitwa tasa akarudishwa kwao. Mume huoa mwingine, na huyo naye asiposhika mimba, huambiwa yu tasa vilevile. Wakati huo wote mume hajapimwa hata mara moja!

Sayansi yasema vingine. Mwaka wa 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba takriban mtu mmoja kati ya sita hupatwa na tatizo la uzazi maishani mwake. Katika karibu nusu ya ndoa zenye tatizo hilo, kasoro ya mume huwamo, ama peke yake ama pamoja na ya mke.

Mojawapo ya kasoro hizo ni mbegu kukosa mwendo. Mwanafunzi wa biolojia anafahamu kwamba mbegu ya kiume ina kichwa kibebacho chembe za urithi, kiwiliwili chenye mitokondria za kutoa nishati, na mkia wa kuisukuma. Mamilioni huanza safari, lakini ni mamia tu yanayokaribia yai. Mbegu izungukayo pale pale haifiki. Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka wa 2021 unataja kiwango cha chini kuwa asilimia 42 ya mbegu ziwe zinacheza, na asilimia 30 ziwe zinasonga mbele. Aliye chini ya hapo si lazima awe tasa. Uwezekano wake wa kupata mtoto ndio uliopungua.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Nguvu za kiume na uzima wa mbegu ni mambo mawili mbalimbali. Mtu anaweza kuwa shababi chumbani ilhali mbegu zake ni dhaifu. Isitoshe, homoni ya testosteroni, ambayo baadhi ya vijana hujidunga ili watunishe misuli, huweza kuzima kabisa utengenezaji wa mbegu.

Sababu ni nyingi. Iko mishipa ya damu iliyovimba katika mfuko wa korodani, iitwayo varikoseli. Yako maambukizi kama kisonono na klamidia yasiyotibiwa vyema. Iko sigara, na uko ulevi. Liko pia joto: korodani huning'inia nje ya mwili kwa kuwa huhitaji joto lililo chini ya lile la mwili kwa nyuzi mbili hadi nne. Dereva wa matatu aketiye juu ya injini tangu alfajiri, na fundi wa kuchomelea vyuma kule Kariobangi, wanastahili kulijua hilo.

Kipimo chenyewe hakina makali. Mume hujizuia kwa siku mbili hadi saba, kisha manii hufikishwa maabara katika muda wa saa moja, yasipigwe na baridi, yakatazamwe kwa hadubini. Matokeo yakiwa mabaya, kipimo hurudiwa baada ya majuma kadhaa, kwani hata homa kali ya juzijuzi huweza kuyaharibu. Mbegu moja huchukua kiasi cha miezi miwili na nusu kuundwa. Basi hata tiba ya kweli haionyeshi matunda kabla ya miezi mitatu hivi, naye aahidiye kuponya kwa siku tatu anakuhadaa.

Tiba hufuata chanzo. Varikoseli huweza kupasuliwa, maambukizi yana dawa zake, na aliyepungukiwa na homoni fulani hupewa. Avutaye sigara aiache. Yakishindikana hayo, ipo njia iliyobuniwa Ubelgiji na kutangazwa mwaka wa 1992, ambapo mbegu moja hudungwa ndani ya yai. Mwendo hauhitajiki tena. Hapa Kenya watoto wa kwanza waliotungwa nje ya mwili walizaliwa mwaka wa 2006. Lakini gharama yake ni laki kadhaa za shilingi, na wakazi wengi wa Eastlands hawazimudu. Ndiyo maana inafaa kuanza na kile kipimo cha bei nafuu, mapema, tena kwa wote wawili.

Walimu nao wana sehemu yao. Tunapochora mbegu ubaoni tukionyesha kichwa na mkia, tuongeze sentensi moja: kwamba mbegu huweza kushindwa kwenda, na kwamba hiyo si aibu. Mvulana aliyesikia hayo darasani hatamfukuza mkewe kesho kabla ya kujipima mwenyewe. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Anayeumia kwa ufichaji huo, hata hivyo, ni mke aliyerudishwa kwao na mzigo usio wake.